Majirani Kibokoni: mtoto auliza babake yuko wapi

Mama Rehema: Assalaam aleikum majirani. Yule mtoto wa marehemu, wa miaka 6, tangu juzi auliza: baba yuko wapi, atarudi lini, roho ni kitu gani. Mamake yumo edani, kile kipindi cha mjane kungoja baada ya kufiwa na mume, ameishiwa na maneno. Amjibu vipi?

Bi Zuhura: Waaleikum salaam. Kwanza wawache kumwambia "baba amelala". Usiku mtoto ataogopa kulala, au atakesha akimchunga mamake. "Amesafiri" nayo mbaya, kila ikipigwa hodi atakimbilia mlangoni. Neno ni moja: amekufa. Kisha amueleze kwa mwili: baba hapumui tena, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi. Maneno machache tu, halafu anyamaze amsikize.

Shangazi: Si kumuumiza huko?

Bi Zuhura: Kinachomuumiza ni kukisia, shangazi. Umri huo ndio kwanza waanza kufahamu kwamba kufa hakuna kurudi, kwa hivyo swali lile lile litakuja tena na tena. Jibu lisibadilike, na nyumba nzima iseme mamoja. Akilia kidogo kisha akatoka kucheza mpira, msimwambie hana huruma. Majonzi ya watoto huja na kwenda. Akikojoa kitandani msimkaripie. Na aulizwe polepole kama adhani yeye ndiye sababu, kwamba alimkasirisha babake. Hilo watoto wengi hulificha mpaka waulizwe.

Ami Salim: 🌹🕯️ *Mungu alimpenda zaidi, akamchukua. Sambaza kwa watu kumi* 🌹🕯️

Mama Rehema: Ami, za kusambaza leo tuziwache.

Bi Zuhura: Na maneno hayo mtoto asiyasikie kabisa! Ataona kupendwa na Mungu ni jambo la kutisha.

Ustadh: Kuhusu roho, Qur'ani yenyewe imejibu kwa ufupi, Suratul Israa aya ya 85: roho ni katika amri ya Mola wangu, nanyi hamkupewa elimu ila kidogo. Basi mzazi asione haya kusema "hiyo aijua Mungu". Msimchoree umbo, mara ndege mara moshi, ataanza kuitafuta darini. Mwambieni mwili tumeuzika, roho iko kwa Mola wake, na wewe waweza kumuombea baba. Kisha apewe la kufanya: dua fupi baada ya sala, au shilingi 10 azitie mwenyewe sandukuni msikitini kwa niaba ya babake. Mtu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumuombea.

Mama Rehema: Mamake naye ameambiwa kwamba akilia humuadhibu marehemu.

Ustadh: Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho latoa machozi na moyo wahuzunika. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na mayowe. Alie.

Shangazi: Na eda yaisha lini? Kila mtu ahesabu vyake.

Ustadh: Miezi 4 na siku 10, miezi ya mwandamo, tangu siku aliyokufa mume, si tangu hitma, kisomo cha kumuombea maiti. Angekuwa na mimba, ingekwisha akijifungua. Manukato, wanja, hina na mapambo awache. Alale nyumbani kwake. Mchana akiwa na haja, kama hospitali, atoke. Habari za kizuka, yaani mjane aliye edani, kutooga vizuri si sheria.

Shangazi: Maana kuna mtu keshaanza kumuulizia 🙄

Ustadh: Posa ya wazi ndani ya eda ni haramu. Kudokeza kumeruhusiwa, Baqara 235, lakini huyo mwambieni atulie. Eda ikisha, kuolewa si khiana kwa marehemu. Cha kushughulikia sasa ni mahari: kama kuna iliyobaki, ni deni, latolewa katika mali kabla ya kurithi. Kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mke apate thumni, fungu moja katika manane, kwa kuwa kuna mtoto. Wakivutana, Mahakama ya Kadhi ipo.

Mama Rehema: Chakula je? Siku tatu za matanga sinia za pilau zilikuwa zagongana, sasa jikoni kumenyamaza.

Bi Zuhura: Ndio kawaida yetu, twajaa siku moja. Msimuulize "wataka nini", atasema hataki kitu. Peleka mahamri na mbaazi za watu wawili, ndani ya chombo kisichotaka kurudishwa, ukae dakika 20. Na mtajeni marehemu kwa jina. Watu huogopa kumkumbusha, kana kwamba amesahau!

Ami Salim: Mimi Jumamosi asubuhi naweza kumpeleka mtoto makaburini Kikowani aone kaburi la babake, mamake akiridhia.

Bi Zuhura: Vizuri, ami. Mueleze kabla atakachokiona: mchanga, makaburi mengine, labda watu wakisoma. Na akitaka kuondoka, muondoke.

Mama Rehema: Mamake ameridhia. Ila asema arudi kabla ya saa nne, ana chuo cha Qur'ani.