Kenchi za chekechea: ziungwe karakanani au juu ya ukuta?

Mwenye karakana, Mikindani (mwanzisha hoja)

Assalam aleikum wenzangu. Hoja naiweka wazi mapema, mkitaka kunirushia mawe mnirushie: kaunti yetu ya Mombasa isilipe hata shilingi kwa paa la darasa la chekechea au zahanati mpaka kenchi zake, yaani zile fremu za mbao zinazobeba mabati, ziwe zimechorwa na mhandisi, zimeungwa karakanani na kuletwa saiti zikiwa kamili. Maslahi ninayo, sifichi. Kenchi ndizo zinazonilisha.

Lakini nimepanda mapaa mengi kwenda kutengeneza ya wenzangu, na ugonjwa ni ule ule. Mbao ya saiprasi imeshuka lori asubuhi, mbichi, ukiipiga msumari maji yanatoka. Adhuhuri iko juu ya ukuta. Baada ya kaskazi mbili tatu mbao imenywea, msumari umebaki unacheza ndani ya tundu lake, na paa limeota tumbo. Tena kuna hili la dawa. Mbao imepigwa dawa huko ilikonunuliwa, sawa, lakini dawa haifiki kwenye moyo wa ubao. Fundi akifika juu anakata ncha ili iingie kwenye pembe, na ile ncha aliyoikata ni nyeupe kabisa. Mchwa wa Pwani hapotei njia, anaingilia hapo hapo. Mimi nakata kwanza, natia dawa baadaye, kisha naunga.

Mkiniuliza kwa nini basi karakana ni chache, ni hesabu. Serikali ilipofunga ukataji miti katika misitu yake Februari 2018, bei ya mbao ilipanda na haijatulia tangu hapo. 2023 tukaambiwa ruksa, kesi zikaingia mahakamani. Bei niliyompa mteja Januari, Machi inanitoa damu. Mabamba ya meno, vile vyuma bapa vya kukandamizwa kwenye maungio ya mbao, yanatoka nje, kwa dola. Juu ya hayo yote nalipisha VAT ya 16%, na fundi anayeungia juu ya ukuta hata risiti hana. Halafu mhasibu ananiuliza kwa nini mimi ghali!

Fundi wa mapaa, Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Sasa nikujibu.

Karakana yako haizijui kuta zetu. Tunajenga kwa mawe ya matumbawe, jiwe moja halifanani na jenzake, na waashi unawajua. Mchoro unasema mita 7.20. Ukivuta tepu kule mbele ni 7.20 kweli, ukienda nyuma ya darasa ni 7.26. Kenchi yako nzuri imekatwa kwa milimita, itakaa wapi? Mie nipo juu napima kila moja na ukuta wake. Unaniona mbabaishaji, na mie ndiye ninayefunika makosa ya mwashi na mkandarasi.

Na Mji wa Kale utaingiaje? Lori haligeuki mle. Tunabeba mbao kwa mkokoteni, vipande vipande, tunaunga huko huko. Wazee wetu walijenga ghorofa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti yenyewe haizidi mita 3 hivi, chumba kikafuata urefu wa mti. Mhandisi hakuwepo, na nyumba zipo mpaka leo.

Jengine. Serikali ilisema milango na madirisha ya zile nyumba za bei nafuu yatengewe mafundi wa jua kali. Leo paa la chekechea, kazi ndogo kabisa, unataka litoke kwenye geti lako. Vijana wangu saba waende wapi?

Mwenye karakana, Mikindani

Marahaba. La ukuta umenipiga panapouma. Niliwahi kuunga kenchi kumi na nne za ukumbi mmoja upande wa bara. Nilipimia mchoro kwa sababu kuta zilikuwa hazijafika juu na mkandarasi ana haraka. Zilipofika, nane zimekaa, sita hazikukaa. Mkandarasi akasema kosa langu, mie nikasema kosa la ukuta, na malipo ya mwisho sijayaona mpaka leo. Zile sita ziliishia kuwa mabanda ya kuku.

Kwa hiyo sasa sipasui mbao kabla ringbimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, haijamwagwa na mie mwenyewe kupima juu yake kwa tepu yangu. Hapo napoteza wiki mbili, na mteja anakimbilia kwako.

Lakini hilo la boriti, mwanangu, unajikaanga kwa mafuta yako. Mzee wa Mji wa Kale alijua mti wake unabeba mpaka wapi, akakifanya chumba chembamba. Wewe unarusha saiprasi mita 7 kwa kukadiria kwa jicho.

Mhandisi wa majengo, Nyali

Samahani kuingilia kati ya baba na mwana. Nyote mnazungumzia kenchi. Mimi nina wasiwasi na pale kenchi inapokutana na ukuta.

Paa la mabati ni jepesi. Upepo wa kusi ukija kwa nguvu haulikandamizi, unalinyanyua. Kinacholizuia ni kile chuma au waya unaoifunga kenchi kwenye ringbimu. Nimekagua majengo ambayo kenchi hazina lawama lakini zimewekwa tu juu ya ubao wa ukuta kwa misumari miwili ya kupigwa mshazari. Nikiuliza, karakana inasema "mimi niliuza kenchi", fundi anasema "mimi nilipandisha tu". Ile shikizo haina mwenyewe. Na zile mbao za mshazari za kuzishikanisha kenchi zisilaliane, nazo hazina mwenyewe. Hapo ndipo zinapoangukiana moja baada ya nyengine, tena wakati watu wangali juu wanapiga pau.

Bamba la meno lisitufanye tulale usingizi. Lilizaliwa Florida miaka ya 1950, na hesabu zake zinataka mbao kavu: kwa Wamarekani mpaka ni unyevu wa 19%. Ukilikandamiza kwenye mbao mbichi, nguvu ya meno inapungua, na mbao ikinywea meno yanajitoa pole pole. Kwa hewa yetu, mbao iliyopangwa vizuri kivulini yenye nafasi za kupitisha upepo hutulia kwenye 15% hivi. Inataka wiki nyingi. Mzee, yadi yako ina mbao za wiki ngapi? Na karibu na bahari, zinki ya kawaida kwenye bamba haidumu. Chumvi inaila, na bamba ni jembamba kuliko msumari.

Dereva wa lori, Likoni

Kenchi zinavunjika njiani, msiwalaumu mafundi peke yao. Watu wanazilaza juu ya lori kama chapati, zinapindana kila tuta. Zisimamishwe. Zamani tatizo lilikuwa feri, sasa tunazungukia barabara ya Dongo Kundu, ila mafuta ya kuzunguka nani analipa?

Mzazi, mtaa wa Bangladesh

Mwanangu yuko darasa moja hapa, dari lake limeshuka upande mmoja. Nimeuliza kwa mwalimu, kwa wadi, kwa mkandarasi. Nataka jina la mtu. Kama kenchi zimetoka karakanani au zimetoka mbinguni, mie hilo halinihusu.

Fundi wa mapaa, Kisauni

Mama amesema. Basi na mie nitoe langu. Hatulazimiki kuunga juu ya ukuta. Sakafu ya darasa ikishamwagwa, ni meza tayari: unachora kenchi moja kwa chokaa, unapigilia vigingi vya mbao kuizunguka, zote zinatoka pacha. Unapimia ukuta ule ule ulio mbele yako. Hakuna lori, hakuna Dongo Kundu. Tumefanya hivi Mtopanga, zilikaa zote.

Mhandisi wa majengo, Nyali

Hilo nalikubali, mradi mbao ni kavu, ncha zimepakwa dawa baada ya kukatwa, na kwenye maungio muweke plaiwudi pande zote mbili kwa idadi ya misumari iliyo kwenye mchoro. Na jina moja lisaini kenchi pamoja na shikizo lake. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Kaunti haina sababu ya kukagua paa kwa kutazama rangi ya mabati.

Mwenye karakana, Mikindani

Haya, nalifuta neno "karakanani" kwenye hoja yangu. Mchoro, ukavu, dawa kwenye ncha na sahihi vibaki. VAT siifuti: anayeunga sakafuni naye atoe risiti, la sivyo mnanifungisha duka.

Na ukavu haupimwi kwa kunusa. Nina kipimo cha unyevu, kile cha sindano mbili. Fundi, Jumamosi nitakuja nacho Kisauni, tukichome kwenye zile mbao ulizonunua wiki hii. Zikisoma chini ya 19 nakununulia biriani.

Fundi wa mapaa, Kisauni

Njoo Jumamosi ya mwezi ujao, mzee. Za wiki hii tusizichome.