Kanuni ya filamu moja kwa kila nchi kwenye tuzo za Oscar inawanyima haki waongozaji wetu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka majina ya walioteuliwa kuwania tuzo za Oscar yanapotangazwa, mjadala huwa ni uleule: nani ameachwa, nani amependelewa, nani alistahili kuliko nani. Leo sitaki kubishana juu ya majina matano yanayosomwa jukwaani. Kinachonikasirisha ni filamu ambazo wapiga kura hawakupata hata nafasi ya kuzikataa, kwa sababu zilizuiwa mapema na kanuni ambayo sijawahi kusikia ikitetewa kwa hoja yenye uzito.

Nazungumzia kipengele cha Filamu Bora ya Kimataifa, ambacho hadi mwaka 2019 kiliitwa Filamu Bora ya Lugha ya Kigeni. Kimeshindaniwa tangu tuzo za mwaka 1956, na utaratibu uliotumika hadi sherehe ya mwaka 2026 ni huu: kila nchi huwasilisha filamu moja tu, filamu hiyo huchaguliwa na kamati ya nchi husika iliyokubaliwa na Akademi, yaani chombo cha Marekani kinachotoa tuzo za Oscar, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake lazima yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Nchi zaidi ya 80 hushiriki kwa mwaka, kisha hupatikana orodha ya awali ya filamu 15, na mwisho wateule watano. Tuzo ya Filamu Bora haina masharti ya namna hii. Mtayarishaji huwasilisha kazi yake mwenyewe, akitimiza masharti ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, bila kuomba ridhaa ya serikali wala ya kamati yoyote ya nyumbani kwake. Msanii wa nje ya Marekani anayetaka kuingia kwenye kipengele kilichotengwa kwa ajili yake ndiye anayelazimika kwanza kukubaliwa na nchi yake, na nchi hiyo ina tiketi moja.

Tazameni matokeo yake kwa bara letu. Hadi sherehe ya Machi 2025, filamu zilizoshinda kipengele hiki kwa jina la nchi ya Afrika zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Z, iliyoipatia Algeria tuzo mwaka 1970, na mwongozaji wake ni Costa-Gavras, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi zake Ufaransa. Ya pili iliipatia Ivory Coast tuzo mwaka 1977, nayo iliongozwa na Jean-Jacques Annaud, Mfaransa. Ya tatu ni Tsotsi ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Gavin Hood, iliyoshinda mwaka 2006. Siwalaumu waongozaji hao, maana walifanya kazi nzuri na walishinda kihalali. Ninachosema ni kwamba katika miongo yote hiyo hakuna mwongozaji mweusi wa Kiafrika aliyekabidhiwa sanamu ile, na kwamba Abderrahmane Sissako, aliyeiwakilisha Mauritania kwa filamu yake Timbuktu kwenye sherehe ya mwaka 2015, aliishia kwenye uteuzi.

Sasa unganisheni hilo na suala la lugha, kwa sababu hapa ndipo uonevu unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2019 Nigeria iliwasilisha filamu kwenye kipengele hiki kwa mara ya kwanza katika historia yake. Filamu yenyewe ilikuwa Lionheart, iliyoongozwa na Genevieve Nnaji, ambaye pia aliigiza kama mhusika mkuu. Mwanzoni mwa Novemba, wakati wapiga kura walikuwa wakisubiri kuonyeshwa filamu hiyo siku chache tu mbele, Akademi ikaiondoa mashindanoni kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiingereza na dakika kama 11 tu ni za Kiigbo. Nnaji alijibu kwamba filamu yake inazungumza kama Wanigeria wanavyozungumza, kwamba Kiingereza ndicho kinachoyaunganisha makabila na lugha nyingi za nchi ile kama Kifaransa kinavyoziunganisha nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, na kwamba wao hawakuchagua nani awatawale.

Rudini kwenye zile filamu tatu. Z ya Algeria ni ya Kifaransa. Filamu ya Ivory Coast iliyoshinda mwaka 1977 nayo ni ya Kifaransa kwa sehemu kubwa. Yaani nchi ya Afrika ikileta filamu inayozungumza lugha ya mkoloni Mfaransa, hiyo inahesabiwa kuwa ya kigeni na inaruhusiwa kushinda, lakini nchi nyingine ya Afrika ikileta filamu inayozungumza lugha ya mkoloni Mwingereza, inatolewa nje. Mwigizaji wa Lagos na mwigizaji wa Abidjan wametendewa tofauti kwa sababu ya mipaka iliyochorwa na Wazungu karne ya 19, na chombo kinachowatofautisha kipo Los Angeles. Mwaka huohuo wa 2019 Akademi ilibadilisha jina la kipengele ikieleza kwamba neno kigeni limepitwa na wakati, lakini kanuni ya lugha ikabaki vilevile. Kama kipengele ni cha kimataifa, basi Nigeria ni taifa. Kama bado ni cha lugha, basi jina la zamani lingebaki, watu wajue wanashindania nini.

Najua kuna watakaosema kwamba bila sharti la lugha, filamu za Uingereza, Kanada na Australia zitajaa humo. Hoja hiyo ina jibu jepesi. Filamu za nchi hizo tayari hushindana kwenye tuzo ya Filamu Bora kwa sababu zina wasambazaji na fedha za kampeni ndani ya Marekani, na Akademi yenye wapiga kura wapatao 10,000 na wanasheria wa kutosha haiwezi kushindwa kuandika kanuni inayotofautisha filamu ya Nigeria na filamu ya London.

Nikiacha lugha, kamati za nchi ndizo zinazonitia uchungu zaidi, kwa sababu huko wengine tunaumizana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes, na ikapigwa marufuku nyumbani na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mwongozaji alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo mahakama ikasimamisha marufuku kwa siku saba tu, ili filamu ionyeshwe nchini na kutimiza sharti la Oscar. Watu wakajaa kwenye majumba ya sinema. Kisha kamati ikachagua filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina. Msinielewe vibaya, Supa Modo ni filamu bora na ninaipenda. Lakini kwa nini Kenya ilazimishwe kuchagua mtoto mmoja wa kumpeleka? Mwaka uleule Marekani ilishindanisha filamu zake nyingi kadiri watayarishaji walivyotaka, bila mtu yeyote kuuliza ni ipi inayoiwakilisha nchi.

Mwaka 2022 kamati ya Nigeria ilipiga kura na kuamua kwamba hakuna filamu hata moja inayofaa kupelekwa. Hebu fikirini, nchi yenye mojawapo ya tasnia kubwa kabisa za filamu duniani haikupeleka kitu. Baadhi ya wajumbe walijiuzulu kwa kutoridhishwa na uamuzi ule, lakini mwongozaji aliyetumia miaka kutengeneza filamu yake hakuwa na mahali pa kukata rufaa, kwa sababu utaratibu haumtambui yeye, unaitambua nchi.

Wala tatizo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 2023 Ufaransa iliiacha Anatomy of a Fall ya Justine Triet, ambayo mwezi Mei ilikuwa imeshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, ikapeleka nyingine ambayo haikufika kwenye tano bora. Filamu iliyoachwa ikapata uteuzi wa vipengele vitano, ikiwemo Filamu Bora, na ikashinda tuzo ya skripti asilia. India mwaka 2022 iliiacha RRR, na bado wimbo wake ukashinda Oscar. Tofauti yao na sisi ni kwamba filamu zile zilikuwa na msambazaji na fedha ndani ya Marekani, kwa hiyo zilipofungiwa mlango huu zilipitia mwingine. Filamu ya Dar es Salaam au Kampala ikiachwa na kamati, safari yake ya Oscar imekwisha siku hiyo.

Kibaya zaidi, utaratibu huu unaipa serikali yenye hasira na msanii silaha ya kumkomoa. Mwongozaji Mohammad Rasoulof alihukumiwa kifungo cha miaka minane nchini Iran, akakimbia nchi yake mwaka 2024, na filamu yake ikateuliwa kwa sababu Ujerumani ndiyo iliyoiwasilisha. Mwongozaji mwenzake, Jafar Panahi, alishinda Palme d'Or mwaka 2025 kwa filamu aliyoipiga kwa siri ndani ya Iran, naye akawasilishwa na Ufaransa. Nawapongeza waliowapokea. Lakini tuone kilichowaokoa: walikuwa na kampuni za Ulaya ndani ya uzalishaji wa filamu zao. Mwaka 2025 Akademi ilirekebisha kanuni ili wakimbizi na waomba hifadhi wahesabike upande wa nchi waliyopo, na hilo ni jambo jema, ila maana yake ni kwamba msanii lazima kwanza apoteze nchi ndipo asikilizwe. Mwongozaji wa Afrika aliyekosana na wakubwa wa nchi yake na hana kampuni ya Paris wala Berlin anawasilishwa na nani?

Sisi wa Kiswahili tunayo mifano yetu. Tanzania iliwasilisha Maangamizi mwaka 2001, na haikuonekana tena hadi mwaka 2022 ilipopeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, filamu ya Kiswahili inayotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zote mbili hazikuteuliwa. Wakati huohuo Kiswahili kilishafika kwenye orodha ya wateule mwaka 2018, kupitia filamu fupi iitwayo Watu Wote, inayosimulia abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa kaskazini-mashariki mwa Kenya. Iliongozwa na mwanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani. Naitaja kwa heshima, kwa kuwa ni kazi yenye utu na Wakenya waliigiza humo vizuri sana. Lakini angalieni ilipita wapi. Kipengele cha filamu fupi hakina kamati ya nchi. Filamu hufuzu kwa kushinda kwenye tamasha linalotambuliwa, au kwenye tuzo za wanafunzi, au kwa kuonyeshwa kwenye sinema. Pale ambapo hakuna mlinzi wa taifa mlangoni, lugha yetu imeingia ukumbini. Kwenye filamu ndefu haijaingia.

Hata tuzo yenyewe ilipopatikana, hadi sherehe ya mwaka 2026 kwa kumbukumbu rasmi ilikuwa ya nchi. Jina la mwongozaji lilianza kuchorwa kwenye sanamu mwaka 2014 tu. Mwongozaji Bong Joon-ho wa Korea Kusini alipanda jukwaani mara nne mwaka 2020 kwa ajili ya Parasite, lakini anahesabiwa tuzo tatu, kwa sababu ya nne ni ya Korea Kusini. Mtu ameumiza kichwa kuandika, kutafuta fedha, kuongoza na kuhariri, halafu sifa inaandikiwa serikali ambayo huenda haikuchangia hata shilingi.

Wanaoitetea kanuni hii husema kwamba bila hiyo Italia na Ufaransa zitachukua nafasi zote. Hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu Italia peke yake imeshinda kipengele hiki mara 11 tangu kianze kushindaniwa. Lakini kanuni ya filamu moja ilikuwepo muda wote huo na haikuzuia. Kinachoamua ni nani ana uwezo wa kulipia matangazo, kuandaa maonyesho kwa wapiga kura na kuwasafirisha waigizaji. Akademi yenyewe ilikubali mwaka 2025 kwamba kulikuwa na tatizo ilipowataka wapiga kura wathibitishe kuwa wametazama filamu zote zilizoteuliwa kwenye kipengele kabla ya kupiga kura ya mwisho. Ina maana kabla ya hapo, kwenye vipengele vingi, mtu angeweza kumchagua mshindi bila kuwaona washindani wake. Na kanuni hiyo inalinda zile tano zilizokwisha kuteuliwa. Zile 80 za mwanzo hazipati ulinzi huo, kwani kila mpiga kura anayejitolea hutazama sehemu yake tu.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Filamu iliyoshinda tuzo kuu kwenye matamasha makubwa ifuzu moja kwa moja, na FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, linalofanyika tangu mwaka 1969, lihesabiwe humo sawa na Cannes, Venice na Berlin. Kamati za nchi zibaki kama njia mojawapo, siyo njia pekee, na zichapishe majina ya wajumbe wake, filamu zilizopokelewa na sababu za uamuzi. Sharti la lugha liondolewe kwa nchi ambazo Kiingereza kiliingia kwa kutawaliwa. Na tuzo iandikwe kwa jina la aliyetengeneza filamu.

Waliowahi kuwasilisha kazi zao kwa kamati hizi, au kukaa ndani yake, naomba waeleze hapa jinsi maamuzi yalivyofikiwa, bila kutaja watu binafsi, ili tujue tunadai nini kwa Akademi na tunadai nini kwa kamati zetu.

Nawasilisha.