Kamusi inanipa Kiswahili nisichokijua

mwalimu_mwanga
Mwakeye wakuu. Nimeazima riwaya ya Kiingereza inahusu familia ya Kivietnam iliyokimbia Saigon 1975, mama na watoto wake, na nimejiwekea kuokota maneno mapya kila siku ila nimekwama pale wanapopanda meli. Nakutana na "keel", kamusi inasema mkuku, sasa mkuku ndo nini tena? "Stern" naambiwa tezi, mi tezi naijua ya shingoni 😂 Yaani natafuta neno moja narudi na mawili nisiyoyajua, jana saa zima nimesoma kurasa nne na hadithi yenyewe imeshanipotea. Nyie mnafanyaje?

mtu_wa_ujiji
Mwalimu bwana, si mlitufundisha wenyewe kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani? Tezi nyuma, omo mbele, ngama kule chini ndani yanakokusanyika maji. Mkuku ni lile gogo refu la chini kabisa toka mbele mpaka nyuma, mbao zote zinaegemea hapo. Shuka tu huku ufukweni siku mafundi wameilaza boti ubavu wanaziba nyufa kwa pamba, utauona kama mgongo wa sangara.

binti_kasulu
Usifungue kamusi kila neno utachoka. Piga mstari kwa penseli uendelee, sura ikiisha tafuta yale yaliyojirudia tu, mengine yatajieleza yenyewe. Na angalia "sponsor" humo sio mdhamini wa timu, wale waliofika Marekani 1975 walikaa kambini mpaka apatikane mtu au kanisa la kuwapokea ndo wanatoka. Mi nilifanya kazi Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi, kuna bibi wa Kikongo asiyejua hata kusoma ila intavyuu na mediko, yaani vipimo vya afya, anayatamka vizuri kunishinda, maana miaka yote anasubiri kuitwa ahamishiwe nchi nyingine. Hayo hakuyatoa kwenye kamusi.

mwalimu_mwanga
Duh, hilo la sponsor nilikuwa nishaandika mfadhili nikapita zangu. Na nuoc mam je? Kila wakila inatajwa.

mtu_wa_ujiji
Hicho si Kiingereza ndo maana hukioni. Ni mchuzi wa samaki, wanachukua vidagaa vya baharini wanavishindilia na chumvi kwenye pipa miezi na miezi, maji yanayochuja ndo hayo. Sisi tunaanika mchangani wao wanavundika.

binti_kasulu
Na vile vialama juu ya herufi za Kivietnam usivipuuze, ma ni mzimu, má ni mama kwa watu wa kusini, sauti tu imepanda. Muha hapo haumii kichwa, Kiha chetu nacho kina sauti za kupanda na kushuka, atakayehangaika ni mtu wa Dar.

mwalimu_mwanga
😂😂 Haya, penseli nimeshachonga. Jumamosi nashuka Ujiji kuuona huo mkuku, na mtu asinionyeshe shingo.