Nimepata chuo Uingereza kusoma kemia, ila Kiingereza cha kuandika kinanipa hofu. Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Chuo kimoja Uingereza kimenipa nafasi ya shahada ya kemia kwa masharti: IELTS (mtihani wa Kiingereza) 6.5, na kila kipengele kisipungue 6.0. Nimepata 6.0 kwa jumla. Kusikiliza na kusoma niko vizuri, kuandika nimeambulia 5.5. Chuo kinasema nikienda mapema nikafaulu kozi yao ya Kiingereza ya wiki 10, naingia mwaka wa kwanza bila kurudia IELTS. Baba anaogopa ada ya hiyo kozi, anaona bora nirudie mtihani hapahapa Dar. Kazi za maabara kama titresheni (kupima ukali wa asidi au besi) na kutambua chumvi sina shida kabisa, hofu yangu ni kujieleza kwa maandishi. Nifanyeje?

Ndimu_Kavu: Hongera sana mdogo wangu. Kama hela inapatikana, chukua kozi. Nimesoma kemia hukohuko. Kurudia mtihani kutakupa alama, lakini hakutakufundisha kuandika ripoti ya maabara. Kule kabla hujagusa bureti (mrija wa kupimia vimiminika) unajaza fomu ya usalama: kila kemikali utakayotumia, kiasi chake, madhara yake, na mabaki utayamwaga wapi. Msimamizi anaweza kukuhoji papo hapo. Halafu ripoti yenyewe: huandiki "niliongeza asidi", unaandika "asidi iliongezwa", na matokeo lazima uyajadili. Umepata nusu tu ya zao (kemikali uliyotengeneza) ulilotarajia, kwa nini? Limebaki kwenye karatasi ya kuchujia? Mmenyuko haukukamilika? Shuleni kwetu tumezoea kujaza jedwali, kukokotoa molari (ukolezi wa myeyusho), basi. Kwenye mjadala ndiko vijana wetu wenye akili nzuri wanapoteza alama, na inaniuma kwa sababu kemia wanaijua.

Bi_Mkubwa_Tanga: Mwanangu, baba yako naye ana hoja. Viza ya mwanafunzi inataka fedha zikae benki siku 28 mfululizo, na kozi inaongeza ada na gharama za kuishi. Kaeni mpige hesabu yote pamoja. Na uwaulize chuo: muhula ukishaanza, msaada wa Kiingereza unaendelea? Vyuo vingi vina walimu wa uandishi wa kitaaluma, unawapelekea rasimu yako wanakuonyesha panapolegea, bila malipo. Chuo kisicho na hilo mimi nisingempeleka mtoto.

Mkemia_Moro: Angalia cheti chako ni IELTS ipi. Kwa viza ya kozi hizo za awali wanataka ile ya UKVI (inayotambuliwa na idara ya viza ya Uingereza), ya kawaida inaweza kukukwamisha. Kipimo cha kifua kikuu pia usikisahau. Na hakikisha shahada imeidhinishwa na Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha Uingereza.

Mleta uzi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Cheti changu ni cha UKVI. Leo naandikia ofisi ya udahili kuhusu msaada wa baada ya muhula kuanza, jibu likija nakaa na baba.

Ndimu_Kavu: Uliza pia kama kozi ina kundi la wanasayansi peke yao. Kuna wanaochanganya watu wote, unajikuta wiki 10 unaandika insha za biashara. Ikiwa hivyo, hapo nakubaliana na mzee, rudia mtihani.