Wanafunzi wasioona wanaokwenda chuo: waanze na simu au kompyuta?

Mwalimu_Kitengo

Habari wakuu. Nina wanafunzi wanne waliomaliza kidato cha sita, wanasubiri kwenda chuo. Wawili hawaoni kabisa, wanasoma na kuandika nukta nundu kwa mashine ya Perkins. Wawili wana ualbino na uoni hafifu, wanasoma maandishi makubwa. Kila mmoja ana simu ya Android. Kompyuta mpakato tunayo moja tu, Windows 10, RAM GB 4, nimeweka NVDA, ile programu ya kusoma skrini kwa sauti. Muda uliobaki ni kama wiki sita.

Kwa simu wanajua kupiga, kupokea na kutuma ujumbe wa sauti WhatsApp, basi. Kompyuta hawajui kabisa. Nikifungua maandishi ya Kiswahili, NVDA inayasoma kama Mwingereza aliyefika jana, hakuna kinachoeleweka. Nikifungua PDF za notisi nilizoombewa chuoni ili wazoee, nyingi inasema ukurasa hauna kitu wakati mimi naona maneno yamejaa. Na hawa wenye uoni hafifu, niwafundishe NVDA pamoja na wenzao, au wana njia yao? Naomba mpangilio wa kazi, nini kitangulie.

KibodiKwanza

Mwalimu, heshima kwako. Kwa wale wawili wasioona, kitangulie kibodi, kabla ya intaneti, kabla ya Word, kabla ya chochote. Mwanafunzi asiyejua herufi zilipo atakwama kila mahali, na lawama zote ataitupia NVDA.

Washa NVDA kwa Ctrl+Alt+N, kisha bonyeza kitufe cha NVDA (nakieleza hapa chini) pamoja na namba 1. Hapo kila kitufe kitakachoguswa kitatajwa jina bila kufanya kazi yoyote, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupapasa kibodi nzima bila hofu ya kuharibu kitu. Vidole vya shahada vikae juu ya F na J, vile viwili vyenye alama ya mwinuko. Mtu aliyezoea Perkins ana nidhamu ya vidole tayari, ila atataka kubonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo kama anavyofanya kwenye nukta, na skrini itajaa herufi za ajabu. Mwambie mapema kwamba hapa ni kimoja kimoja. Nusu saa kila siku inamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert, lakini laptopu ndogo nyingi hazina Insert au imefichwa chini ya Fn. Ingia mipangilio ya kibodi uruhusu Caps Lock ifanye kazi hiyo. Hapo hapo angalia mpangilio uliochaguliwa, wa kompyuta ya mezani au wa laptopu, maana maelekezo mengi ya mtandaoni "hayafanyi kazi" kwa sababu hiyo tu. Kusoma mfululizo, kwa mfano, ni NVDA na mshale wa chini kwenye mpangilio wa mezani, lakini ni NVDA na A kwenye wa laptopu. Ctrl peke yake hunyamazisha, Shift husimamisha na kuendeleza. Hivyo viwili wavijue siku ya kwanza, kwa sababu mashine isiyonyamaza humchosha mtu akaikimbia.

Baada ya hapo nenda Word. Wafundishe kuweka vichwa vya habari kwa Ctrl+Alt+1 na Ctrl+Alt+2, wasikuze maandishi kwa macho ya kukisia. Akishaelewa kwamba waraka una mifupa, kurasa za mtandao zitakuwa rahisi: H humpeleka kichwa hadi kichwa, K kiungo hadi kiungo, F kwenye sehemu ya kujaza, T kwenye jedwali, na Ctrl+Alt na mishale humtembeza ndani ya jedwali kisanduku kwa kisanduku. NVDA+F7 hutoa orodha ya viungo na vichwa vyote vya ukurasa. Mifumo ya vyuo ya kupakia kazi, ile ya Moodle hasa, ina viungo vingi mno pembeni. Anayepita kwa Tab peke yake atachoka kabla hajafika kwenye somo lake.

Kosa moja utaliona kila siku: mwanafunzi anabonyeza H akitaka kichwa cha habari, badala yake herufi h inaandikwa kwenye kisanduku. Yuko kwenye hali ya kuandika. NVDA na kitufe cha nafasi humrudisha kwenye hali ya kusoma, na hali hizo mbili zina milio tofauti. Wazoeshe kuisikiliza hiyo milio.

Sauti_Nyerezi

Kuhusu lafudhi: NVDA huja na eSpeak NG, injini ya kutoa sauti, na eSpeak ina Kiswahili ndani yake. Bonyeza NVDA+Ctrl+V, nenda kwenye orodha ya sauti, chagua Swahili, hifadhi kwa NVDA+Ctrl+C. Sauti yenyewe ni ya chuma, sikatai, lakini haihitaji bando, haili RAM, na inajibu papo hapo. Kwa mashine yako ya GB 4 hilo ni jambo kubwa. Kasi anzia karibu na 30, kisha pandisha kidogo kidogo kila wiki sikio linapozoea.

Ila ukiacha Kiswahili muda wote, menyu za Kiingereza nazo zitaharibika: "File" itasomwa kama Mswahili anavyosoma silabi. Dawa ni kutengeneza wasifu wa pili, yaani seti nyingine ya mipangilio ya NVDA. NVDA+Ctrl+P, wasifu mpya, uite Kiswahili, chagua uwashwe kwa mkono. Ukiwa umewashwa badilisha sauti, halafu nenda kwenye menyu ya NVDA sehemu ya "Input gestures" uupe wasifu huo mchanganyiko wa vitufe. Tangu hapo mwanafunzi anabadili lugha kwa kubonyeza mara moja.

Akitaka kusikiliza makala ndefu kwa sauti ya kibinadamu, afungue kwenye Microsoft Edge abonyeze Ctrl+Shift+U. Kuna Daudi na Rehema kwa Kiswahili cha Tanzania, Rafiki na Zuri kwa cha Kenya. Zinahitaji intaneti. Na zisichukue nafasi ya eSpeak kwenye kusoma kwa makini: sauti hizo hupita juu ya maneno vizuri mno, wakati mwanafunzi anatakiwa asimame, arudi herufi kwa herufi kwa mishale, ajue jina la mwandishi linaandikwaje. Asiyesoma herufi kwa herufi tahajia yake hushuka, na chuoni atapoteza alama kwa jambo analolijua.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewa kidogo na mara nyingi humeza mwanzo wa neno, na kwenye menyu mwanzo wa neno ndio wenye habari yote.

PapoSkani

PDF zako hizo si maandishi, ni picha za karatasi. Kipimo: Ctrl+A, Ctrl+C, nenda Notepad, Ctrl+V. Kisipotoka kitu, ni picha.

Kwa ukurasa mmoja mmoja, NVDA+R hutambua maandishi yaliyopo kwenye skrini kwa uwezo wa Windows yenyewe, bila intaneti. Hukupa matokeo unayoweza kuyapitia kwa mishale, na Esc hukutoa. Hutambua kile kinachoonekana tu, kwa hiyo faili la kurasa 40 litakuchosha. Likikataa kabisa, angalia kama pazia la skrini, kile kipengele cha NVDA kinachofanya skrini iwe nyeusi, limewashwa, maana likiwa limewashwa NVDA haiwezi kutambua chochote. Kiswahili chetu kinatumia herufi za kawaida, hivyo lugha ya utambuzi ikiwa Kiingereza inatosha. Ritifaa ya "ng'" ndiyo hupotea mara nyingi, na namba 1 hugeuka herufi l.

Kwa faili zima: lipandishe Google Drive kupitia kompyuta, kisha chagua kulifungua kwa Google Docs. Google wanashauri faili lisizidi MB 2, kwa hiyo kitabu kilichoskaniwa ukikate vipande kwanza. Kurasa zenye safu mbili huchanganyikiwa, mstari wa kushoto ukaungana na wa kulia. Majedwali huvunjika. Milinganyo ya hesabu hutoka takataka, usihangaike nayo.

Mwanafunzi mwenzake akipiga picha ya notisi, apige mchana karibu na dirisha, karatasi iwe bapa, kivuli cha simu kisiangukie maandishi. Halafu WhatsApp aitume kama hati, asiitume kama picha. Ikipita njia ya picha hubanwa, herufi ndogo zinakuwa ukungu, na hakuna programu itakayoziokoa.

Lakini Mwalimu, hayo yote ni kuziba pancha. Notisi hiyo mhadhiri aliiandika kwenye Word kabla haijachapwa, ikatolewa nakala, ikaskaniwa. Faili la Word lipo mahali. Wafundishe hawa vijana kuandika barua fupi ya kuliomba, wiki ya kwanza ya muhula, nakala iende kwa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Barua itaje somo, itaje muundo unaotakiwa, na iombe notisi zifike kabla ya kipindi. Kwa takwimu na hesabu, iombe milinganyo iandikwe kwa kifaa cha Word chenyewe, kile kinachofunguka kwa Alt na alama ya sawasawa. Hiyo NVDA inaweza kuisoma kwa msaada wa MathCAT, programu ya kusoma hesabu. Mlinganyo uliobandikwa kama picha hausomeki.

Kwa vitabu vyenye hakimiliki, upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaohusu hasa nakala zinazosomeka kwa wasioona. Kenya iliingia 2017, Tanzania 2020. Mkutubi akisita, mtajieni.

NuktaSita

Nampinga KibodiKwanza kwenye jambo moja. Kompyuta ni moja, wanaoihitaji ni wanne. Simu iko mfukoni saa zote. Wiki mbili za mwanzo ziende kwenye simu huku kompyuta wakiigawana kwa zamu, kwa sababu maisha ya darasa chuoni yanapita kwenye kundi la WhatsApp: ratiba kubadilika, chumba kuhamishwa, kazi za makundi.

Waende mbali na kutelezesha kidole kulia na kushoto. Kugonga kwa vidole vitatu hufungua menyu ya TalkBack, programu ya Android ya kusoma skrini. Kutelezesha vidole vitatu kulia au kushoto hubadilisha namna ya kusoma: kwa herufi, neno, mstari, kichwa. Kisha kidole kimoja juu au chini kinatembea kwa namna hiyo. Asiyejua hili husikiliza ujumbe mrefu upya tangu mwanzo kwa ajili ya namba moja tu. Ndani ya mipangilio ya TalkBack kuna mafunzo na sehemu ya kujaribia ishara. Wapite humo.

Na hawa wanajua nukta! TalkBack ina kibodi ya nukta nundu tangu 2020: simu inashikwa kwa ubapa, skrini ikitazama mbele, vidole sita juu yake. Wachague nukta zisizofupishwa. Wakichagua zilizofupishwa za Kiingereza, herufi b ikisimama peke yake inageuka "but", na Kiswahili chao kitaharibika. Atakayeizoea ataandika kwa kasi ambayo kibodi ya kawaida ya simu haimpi.

PIN za benki na za pesa za simu waingize wakiwa na hedifoni, na wafiche skrini kupitia menyu ya TalkBack. Simu isiyoonyesha kitu inafanya kazi kama kawaida, na aliyekaa jirani haoni.

Kontrasti

Wenye ualbino usiwaanzishe na NVDA. Wanaona, tena wanaona vya kutosha kusoma, tatizo ni mwanga na ukubwa. Windows na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji, Windows+Esc hukifunga, Ctrl+Alt+I hugeuza rangi zote ikawa maandishi meupe kwenye weusi. Kwa mwenye macho yanayoumizwa na mwanga, mgeuzo huo mara nyingi unamsaidia kuliko ukuzaji wenyewe.

Usikuze kupita kiasi. Ukifika asilimia 300 mstari hautoshi skrini, mwanafunzi anasukuma kushoto na kulia, anapoteza mstari unaofuata, na macho yanayotikisika yenyewe yanachoka zaidi. Kwenye Word kuna njia bora: Alt, W, kisha L huweka mwonekano wa mtandao. Hapo kuza kadiri unavyotaka, maneno yanajikunja ndani ya skrini. Kwa kazi zao wenyewe, Arial au Verdana ukubwa wa 18 hadi 24, nafasi ya mstari moja na nusu, kisha warudishe 12 kabla ya kuwasilisha.

Mahali pa kukaa ni muhimu sawa na programu. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele ya uso wala nyuma ya mgongo, na skrini iinuliwe hata kwa vitabu ili asiiname. Ubaoni wapige picha kwa simu wakuze mkononi, kwa makubaliano na mhadhiri.

Baadaye, kwa kusoma kurasa nyingi, waonyeshe ile Ctrl+Shift+U ya Edge. Macho yapumzike, masikio yafanye kazi. NVDA ije kwa atakayeitaka mwenyewe.

Mwalimu_Kitengo

Nashukuru sana wote. Wasifu wa Kiswahili nimeutengeneza, umekubali. Swali la mwisho: maabara za chuo hazina NVDA, na hawaruhusu mwanafunzi kusakinisha kitu. Wafanyeje?

KibodiKwanza

Flashi. Kwenye menyu ya NVDA nenda Tools, chagua "Create portable copy", elekeza kwenye flashi. Mipangilio yako unaenda nayo, pamoja na ule wasifu wa Kiswahili. Maabarani wanafungua faili la nvda kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Nakala hiyo haisomi skrini ya kuingilia wala yale madirisha ya Windows ya kuomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo hapo atahitaji mtu. Kama maabara ina mashine za Windows 7, tengeneza nakala ya pili kwa NVDA 2023.3, matoleo ya baada ya hapo hayakubali Windows hiyo.

Sera ya maabara ikizuia programu za flashi, Windows+Ctrl+Enter inawasha Narrator, programu nyingine ya kusoma skrini iliyomo ndani ya Windows tayari. Vitufe vyake baadhi ni tofauti, basi wape vipindi viwili vitatu vya kuigusa kabla hawajaondoka. Na barua ile ya PapoSkani iongezewe mstari mmoja kwa fundi wa maabara, aweke NVDA kwenye mashine mbili zilizo karibu na mlango. Ni programu ya bure.