Kalvati za barabara na samoni wa Washington: wajibu wa serikali unaishia wapi?

Mtoa hoja: Wakuu, mikataba ya 1854 na 1855 iliwahakikishia wenyeji asilia wa magharibi mwa jimbo la Washington, Marekani, haki ya kuvua. Mwaka 2001 makabila 21 yakalishtaki jimbo kwamba kalvati zake, yaani mabomba ya kupitishia mto chini ya barabara, zinawazuia samaki aina ya samoni kupanda mito kutoka baharini kwenda kutaga. Amri ya mahakama ikatoka 2013. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakagawanyika 4 kwa 4, amri ikabaki palepale: hadi 2030 jimbo liwe limefungua asilimia 90 ya makazi ya samaki yaliyozibwa na kalvati hizo.

Kwangu, aliyeziba ndiye afungue. Bomba jembamba hubana maji, yakaenda kasi asiyoiweza samaki mchanga. Yakitoka upande wa pili huchimba kitanda cha mto, mwishowe mdomo wa bomba unaning'inia hewani. Kuongeza bomba la pili pembeni hakusaidii, kina hupungua na magogo hunasa. Kipimo kipo: chukua upana wa mto ukiwa umejaa hadi kingo, zidisha kwa 1.2, ongeza futi 2, na ndani mwaga changarawe kama ya mto wenyewe.

Mchangiaji wa pili: Kosa la jimbo silibishii. Ila amri inalibana jimbo peke yake, wakati mto huohuo una kalvati za kaunti, manispaa na watu binafsi. Jimbo likijenga daraja la mamilioni kule juu, na huku chini bomba la kaunti linaning'inia, samaki atafikaje? Pesa zianzie mdomoni mwa mto kwenda juu, bomba liwe la nani.

Mchangiaji wa tatu: Mnajadili njia, maji je? Koho, aina mojawapo ya samoni, wanaopanda vijito vya mijini hufa matumbo yakiwa bado yamejaa mayai. Mwaka 2020 watafiti walitangaza chanzo: kemikali iitwayo 6PPD-kwinoni. 6PPD huchanganywa kwenye tairi ili mpira usipasuke; ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, hugeuka sumu hiyo, na mvua huisomba pamoja na vumbi la tairi. Koho hupanda juu akitweta, anapinduka, na saa chache baadaye amekufa. Dawa si ngumu: maji ya barabarani yapite kwanza kwenye kitanda cha mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40. Majaribio yalionyesha koho huishi kwenye maji yaliyochujwa hivyo. Kufungua kalvati huku mtaro unamwaga moja kwa moja mtoni ni kumkaribisha koho kwenye sumu.

Mtoa hoja: La mchujo nakubali kabisa, liingie kwenye mkataba uleule wa ujenzi. La kaunti ndilo silikubali liwe sababu ya jimbo kusubiri. Sheria ya Washington yenyewe inamtaka kila mwenye kizuizi mtoni aweke njia ya samaki. Jimbo lina rungu mkononi, liibane kaunti huku likiendelea kufungua zake.