Mjadala: Tuache kuitetea sanaa shuleni kwa kusema inapandisha alama za hisabati

Wakuu, salaam. Nafundisha sanaa, hasa uchoraji na maigizo, na nina jambo linalonikera ambalo naomba tulijadili bila kuoneana haya.

Kwenye kikao cha ratiba ililetwa hoja kwamba kipindi cha sanaa cha madarasa ya juu kipewe hisabati. Nikasimama kutetea. Nikasema yale tunayosema wote: mtoto anayepiga muziki hesabu zinamwingia, anayechora anaelewa jometri upesi, kwa hiyo mkiondoa sanaa mtayaona kwenye matokeo. Mwalimu mwenzangu wa hisabati akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sasa kama shida ni hesabu, si tuwafundishe hesabu?" Nikakosa jibu. Kipindi kikaenda.

Tangu siku hiyo naamini hoja ile inatuangusha sisi wenyewe. Tazameni ilikoanzia. Mwaka 1993 Rauscher, Shaw na Ky walichapisha katika jarida la Nature jaribio dogo: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kupambanua maumbo. Nguvu yenyewe haikuzidi dakika 15 hivi. Hawakuwa watoto, wala hawakufundishwa kupiga chochote. Habari ilipofika mitaani ikawa "muziki unaongeza akili", na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Jaribio la maana zaidi ni la Glenn Schellenberg, 2004. Watoto 144 wa miaka 6 waligawanywa bila upendeleo: kinanda, kuimba, maigizo, na kundi lisilofundishwa lolote kati ya hayo. Baada ya mwaka, wale wa muziki waliwazidi wengine kwa wastani wa pointi zisizofika 3 za IQ, yaani kipimo cha akili. Ni kitu, lakini si cha kukipigia vigelegele. Wale wa maigizo hawakupata nyongeza hiyo, ila walikuwa wamepiga hatua katika kuishi vizuri na wenzao, jambo ambalo makundi mengine hayakulionyesha. Hilo sisi wa maigizo tunaliona kila wiki, na ndilo hatulisemi kwenye vikao!

Ngoja niwaonyeshe kinachotokea darasani. Namwambia mwanafunzi avue kiatu, akiweke mezani, akichore. Dakika tano za kwanza hakitazami hata kidogo. Anachora kiatu kilichomo kichwani mwake: soli iliyonyooka, matundu yaliyopangana, kamba zilizolingana. Namuuliza, "Kisigino chako kimeliwa upande gani?" Anakigeuza. Kimeliwa upande wa nje. Ananyamaza, anachukua ufutio. Kisha anagundua kamba moja ni ndefu kuliko ya pili, ulimi umelalia kushoto, na pale kidole gumba kinaposukuma pana uvimbe. Kipindi cha pili kinapokwisha mchoro bado una kasoro, lakini ni kiatu chake yeye, si cha mtu mwingine yeyote. Amejifunza kuweka kando anachodhani ili aone kilichopo. Walimu wa sayansi mtasema nanyi mnafundisha hivyo, karibuni, sibishani.

Swali langu: tuendelee kuiombea sanaa nafasi kwa jina la masomo mengine, au tuseme wazi kazi yake na tusimame hapo?

Mkuu wa shule mstaafu: Mwalimu, nakuheshimu, lakini naona unataka kutupa silaha vita vikiendelea. Nimekaa na bodi miaka mingi. Bodi haitazami viatu, inatazama matokeo. Na yapo. Mwaka 2019 Bowen na Kisida walitoa ripoti ya Houston, Marekani: shule 42, wanafunzi zaidi ya 10,000, na shule za kupewa programu za sanaa zilipatikana kwa bahati nasibu. Makosa ya nidhamu yalipungua, alama za uandishi zilipanda, na watoto walionyesha kuwajali wenzao zaidi. Kwa nini nisiyabebe hayo kwenda kikaoni? Ukienda na mashairi matupu utarudi mikono mitupu.

Mzazi: Mimi naona wote mmelikwepa swali la nani anafikiwa. Binti yangu alimaliza shule hajawahi kupanda jukwaani. Kila mwaka alikuwa anapanga viti, kwa sababu waliochaguliwa ni wale ambao tayari walijua kuimba. Programu ya hiari huwachukua wenye wazazi wa kuwafuatilia. Hata El Sistema ya Venezuela, programu ya kufundisha watoto muziki wa okestra iliyoanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 na kusifiwa dunia nzima kwa kuwainua watoto maskini, ilipopimwa kwa watoto 2,914 katika vituo 16, watafiti walikuta maskini ni kama 17 tu katika kila 100, wakati katika majimbo hayo maskini wa rika lao walikuwa kama 47 katika kila 100. Kwanza tuambieni mtoto wangu ataingiaje, ndipo mgombane kuhusu faida.

Mwalimu wa hisabati (siyo yule wa kikaoni): Naungana na mleta mada kwenye ukweli, nampinga kwenye ratiba. Saa hazizai. Kipindi nikikupa, nimemnyima mtu. Mimi nikifundisha milinganyo naweza kukuonyesha Ijumaa nani ameelewa. Wewe utaonyesha nini? Ukiweka mtihani wa karatasi utaua somo lako, usipoweka utaonekana wa kupumzikia. Toka hapo.

Mleta mada: Nashukuru, mmenibana vizuri.

Mkuu, ripoti ya Houston naikubali, na naomba uisome yote ukiwa mbele ya bodi. Hisabati na kusoma havikupanda kwa kiasi cha kuhesabika, wala havikushuka. Maana yake saa za sanaa hazikuiba alama za mtu, na kilichokua ni vile ambavyo sanaa yenyewe inavigusa: kusema jambo likaeleweka, na kuvaa viatu vya mwenzako. Hiyo ndiyo hoja yangu. Nisichokitaka ni kuahidi jometri halafu tukadaiwa jometri.

Mzazi, hapo umenichoma, kwa sababu na mimi nimewahi kuwapangisha watoto viti. Tunaita "kukuza vipaji" kumbe tunavuna tu vilivyokwisha kumea nyumbani. Ndiyo maana sitaki sanaa iishie kwenye klabu ya jioni au msanii mgeni wa wiki sita. Mradi wa nje unategemea mfadhili. Uingereza walikuwa na Creative Partnerships, iliyopeleka wasanii mashuleni kuanzia 2002. Fedha zikakatwa, mwaka 2011 ikafungwa. Kipindi kilichomo kwenye ratiba, chenye mwalimu wake, kinamkuta hata mtoto ambaye hakuna aliyemwandikisha popote.

Mwalimu wa hisabati, swali lako ndilo gumu kuliko yote. Jibu langu ni jalada. Kila mwanafunzi anahifadhi mchoro wa kwanza na wa mwisho wa kitu kilekile, akiwa ameandika kwa mkono wake alibadilisha nini na kwa nini. Kwenye maigizo, tunahifadhi tukio moja likiigizwa mwanzoni mwa muhula na likirudiwa mwishoni. Sipimi uzuri, napima umbali aliotembea. Kama ningekuwekea mezani michoro miwili ya kiatu kimoja badala ya zile hadithi za IQ, kura yako ingekwenda wapi?

Mwalimu wa hisabati: Ningekupa kipindi kimoja, siyo viwili. Na ningetaka kuona majalada ya darasa zima, siyo ya wale wawili unaojivunia.